Ombi la Kurudishiwa Pua Iliyoziba

Kwa Daktari wa Masikio, Pua na Koo,
Chumba namba sita, mwisho wa korido, mkabala na benchi lililovunjika mguu.

YAH: KUZIBULIWA PUA YANGU BILA KUJALI MASLAHI YA WAFIWA

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu za mtu anayepumua vizuri kwa sababu yako, na ambaye hajakusamehe. Mimi ni yule mgonjwa wa koti la kijivu niliyeletwa na mke wangu, akiwa amenishika mkono wa koti hilo nisije nikatoroka. Uliniuliza pua imeziba tangu lini, nikakujibu miaka kumi na tisa, ukaweka kalamu chini. Laiti ungeiacha palepale.

Najua mgonjwa haulizwi uji. Lakini jamani, aulizwe kazi! Uliniuliza habari za mto wangu, godoro langu, paka, sigara, na chumba ninachoshinda mchana kutwa. Ninachofanya humo chumbani hukuuliza. Basi nakuambia leo, ingawa maji yameshamwagika: mimi ni msomaji wa matangazo ya vifo redioni, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Wasikilizaji wananiita Bwana Simanzi. Nikisema tu "Familia inasikitika kuwatangazia", watu wanaweka vijiko mezani. Husema, huyu bwana ana utu, analia pamoja na wafiwa. Daktari, mbele yako sina cha kuficha: sikuwahi kulia hata siku moja. Pua ndiyo iliyokuwa ikilia kwa niaba yangu, mimi nikiwaza chakula cha mchana. Tuligawana kazi vizuri na hatukuwahi kugombana.

Nayaweka malalamiko yangu kwa namba, maana mkuu wetu wa vipindi husema mwenye hasira akihesabu hupoa. Nimeshahesabu mara mbili na bado.

1. Kunielimisha bila ridhaa yangu. Nilikuja kuomba cheti cha matone yangu ya siku zote, niondoke. Wewe ukageuza kalenda, ukachora pua nyuma yake, ukaanza kunisomesha. Ukasema si baridi iliyonipanda kichwani, kama anavyoshikilia mama mkwe wangu, wala si kijicho cha jirani, kama ninavyoshikilia mimi. Ukasema ni ngozi laini ya ndani ya pua iliyovimba ikabana njia, na kwamba pua ikiziba zaidi ya miezi mitatu mfululizo hayo si mafua tena, ni ugonjwa wa kudumu unaotaka kutafutiwa chanzo. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwaambia watu nina kimafua kidogo. Kwa robo saa tu ukanifanya mgonjwa.

2. Kunigombanisha na mwenye duka la dawa. Huyu ni rafiki yangu, alikaa meza ya mbele kwenye harusi ya binti yangu. Ndiye aliyekuwa akinipa matone ya kuzibua, na nimeyatumia miaka minane. Ukaja kusema, tena mbele ya mke wangu, kwamba matone yale ni ya siku tatu, zikizidi sana tano. Yakizidi hapo yenyewe ndiyo yanayoziba: unatia, pua inafunguka, nguvu ya dawa ikiisha inavimba kuliko mwanzo, unatia tena. Mke wangu alicheka mpaka akashika meza yako. Ulinikataza nisiyaguse tena, na wiki ile ya kwanza nilikiona cha mtema kuni, nilipumua kwa mdomo hata nikiwa natafuna. Ila nikiri kwamba sijawahi kusoma vizuri kama wiki ile. Msikilizaji mmoja alipiga simu kituoni kuuliza kama nimefiwa na mzazi.

3. Kuharibu mali ya ofisi. Nilikueleza studio yetu ilivyo: haina dirisha, kuta zimevikwa sponji ili sauti isirudi, na chini kuna zulia nililolikuta siku naajiriwa. Ulifumba macho kidogo. Kisha ukanieleza mzio ni nini, na kwamba katika vumbi la zulia na mito wanaishi vidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba pua yangu ilikuwa ikipigana navyo mchana studio na usiku kitandani. Ukamwandikia barua mkuu wa vipindi. Zulia likatolewa nje likapigwa fimbo, na fundi wa mitambo aliyelipiga alipiga chafya mpaka akakaa chini. Nyumbani nako mke wangu alifua mashuka na foronya kwa maji ya moto, mito ya zamani akaitupa. Mto wangu ulikuwa na umri sawa na ndoa yetu. Hakuna aliyeniuliza.

4. Kunidhalilisha mbele ya mjukuu wangu. Uliagiza nioshe pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, maji yaliyochemshwa kwanza yakapoa, nisije nikaingiza ugonjwa mwingine kichwani. Basi mtu mzima, babu wa watu, nainama kwenye karo, maji yanaingia tundu hili yanatokea tundu lile. Mjukuu wangu wa miaka minne huja na kigoda chake kabisa, anakaa kutazama. Jumapili alimleta na mwenzake.

5. Kunidanganya kwa kusema kweli. Ulinipa dawa ya kupuliza, ukanionyesha nielekeze ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa kati, na ukanionya kwamba haina miujiza, nipulize kila siku wiki tatu ndipo nione. Nikajisemea, dawa ya wiki tatu, hiyo si dawa. Nikapuliza kwa roho safi nikijua haitafanya kazi. Ikafanya. Hata kisu ulininyima. Nilikuwa nimeshawaaga watu kazini kwamba naenda kupasuliwa. Wewe ukachungulia kwa kile kimrija chenye taa, ukasema sina vinyama na ukuta haujapinda kiasi cha kukatwa, nirudi nyumbani. Nilirudi kazini kesho yake, na kadi ya kunipa pole ilikuwa bado haijatiwa saini na watu wote.

6. Sasa tufike penyewe. Alhamisi ya wiki ya tatu, saa saba mchana, nilifungua kipaza sauti kutangaza kifo cha mwalimu mstaafu, baba wa watoto saba. Ikatoka sauti ya mtu anayefungua duka la magodoro. Nilijaribu kuishusha, ikapanda. Nilijaribu kupunguza mwendo, nikawa kama namtania marehemu. Siku hiyohiyo kaka mtu alikuja mpaka mapokezi kuuliza mimi na mwalimu tulikosana nini. Siku ya pili familia moja iliomba tangazo lao lisomwe upya na mtu mwenye huzuni. Siku ya tatu mkuu wa vipindi aliniita, akafunga mlango, akanipa wiki mbili: sauti irudi, au nafasi apewe mwingine.

Wakati wiki hizo zinahesabiwa, unajua kiti changu amekalia nani? Mtangazaji wa michezo. Ana mafua ya siku nne, mafua ya kitoto kabisa, na watu wanamsifu. Mimi nimepelekwa kwenye salamu za siku za kuzaliwa. Nawapongeza watoto wa watu, na napumua.

7. Harufu. Hili hukunionya kabisa. Nimeishi na mke wangu nikisifu supu yake. Sasa naijua supu yake. Nilisogeza bakuli pembeni, akaniuliza kulikoni, nikasema nimeshiba, na hivi ndivyo uongo ulivyoingia nyumbani kwetu. Mkuu wa vipindi ana viatu vya ngozi ambavyo sitavielezea. Na juzi, natafuta soksi kabatini, nikaona kikopo cha dawa ya kuchua cha marehemu mama yangu. Miezi yake mitatu ya mwisho nilikuwa nikimpaka mgongoni kwa mikono hii, asubuhi na jioni, wala sikujua inanukia nini. Nilifungua. Nikafunga. Hilo tuliache.

8. Amani ya nyumba. Mke wangu, ambaye alihamia chumba cha watoto kwa ajili ya kukoroma kwangu, amerudi na mto wake mpya na miguu yake ya baridi. Anasema analala vizuri sana. Mimi silali, nasimuliwa habari zote za miaka aliyokuwa chumba cha pili.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, na ukiona napatapata, ujue mfa maji haachi kutapatapa.

Kwanza, pua irudishwe ilivyokuwa. Ikishindikana, uzibe tundu moja, siku za kazi peke yake. Hilo nalo likishindikana, niandikie barua kwa mkuu wa vipindi, yenye muhuri, kwamba pua hii japo imefunguka bado ina majonzi. Kama miiko ya kazi yako inakukataza yote matatu, basi niruhusu tu nikae nusu saa kwenye lile benchi lenu bovu, katikati ya wagonjwa wa mafua. Sitamsumbua mtu. Nitavuta pumzi na kuondoka. Tena ningeshauri mlango wa chumba namba sita uwekwe tangazo: mgonjwa ataje kazi yake kabla hajaponywa.

Nisalimie yule muuguzi aliyenishikia kichwa, mwambie shingo imepona. Nisalimie mama wa usafi aliyeniambia nisiogope, na yule mzee wa sikio la kushoto ambaye tulikaa naye foleni nzima tukizungumza bila yeye kunisikia wala mimi kujisikia. Wasalimie na wote nyumbani kwako, wanaopumua na wasiopumua.

Ni mimi, niliyepona bila kutaka,
Msomaji wa Matangazo ya Vifo (kwa wiki moja iliyobaki)

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku mbili nikitafuta bahasha. Katika siku hizo mtangazaji wa michezo amepona mafua, akaanza kusoma misiba kama mpira umeingia wavuni. Jana mchana mkuu wa vipindi akanirudisha kitini kwa shingo upande, kwa tangazo moja tu.

Tangazo lililetwa na mzee aliyefiwa na mkewe. Aliliandika mwenyewe, karatasi imekunjwa mara nne, akasema atasubiri hapo mapokezi alisikie redioni. Niliikunjua karatasi kipaza sauti kikiwa kimeshawashwa. Ilinukia dawa ya kuchua. Ileile, Daktari, ya kikopo cha kabatini. Alikuwa amemuuguza kwa mikono ileile aliyoandikia, na hakunawa, au alinawa haikutoka. Miaka kumi na tisa nimeshika karatasi za watu, maelfu, na sikujua kwamba zina harufu za nyumba zilikotoka.

Nikasema "Familia inasikitika kuwatangazia", nikafika kwenye jina la marehemu, nikashindwa. Nilimwona mama yangu. Nililia, Daktari, hewani, mtu mzima. Na pua ikaziba palepale, bila vumbi wala matone. Tangazo nililimaliza, ila sijui nililimalizaje.

Mkuu wa vipindi aliingia akitabasamu, akanipiga bega, akasema, "Pua imerudi!" Kazi nimerudishiwa, kuanzia leo, vipindi vyote viwili. Nilipotoka, yule mzee alikuwa bado mapokezi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kumlilia mke wangu," akasema.

Nimeambiwa hivyo mara nyingi sana, na jana ndiyo mara ya kwanza sikuona haya. Kwa hiyo maombi yangu yote hapo juu nayafuta, yasome kisha uyachane. Ile dawa ya kupuliza inaisha Jumamosi. Niwekee chupa nyingine, nitaipitia mwenyewe asubuhi, na tafadhali mkuu wa vipindi asijue. Yeye anaamini imeziba.