Kilio cha Nyota Tano

Umma wote wa Fizi na Baraka, wasafiri wa majini na wa nchi kavu, mnatangaziwa kwa heshima kuu kwamba kijiji cha kale cha Kaselu, juu ya mlima unaotazama ziwa, sasa kina hoteli ya nyota tano. Nyota zenyewe zilikuwa tayari. Fundi wa mabati wa sokoni Baraka alizikata Ijumaa, akazipaka rangi ya dhahabu. Kilichobaki kilikuwa hoteli.

Kazi hiyo ndogo alikabidhiwa Norbert, Mkuu wa Huduma ya Hoteli katika Kamisheni ya Kustawisha Anasa Kandokando ya Ziwa. Norbert alikuwa mtu wa taratibu. Hata nyumbani, mkewe akimwita kula, alipenda kwanza kujua nani ameidhinisha chakula. Alipanda Kaselu kwa pikipiki, akazikagua nyumba za wafanyabiashara wa zamani moja baada ya nyingine, akaichagua iliyo bora. Ilikuwa nyumba ya Hawa, mjane mwenye boti za kupakia mihogo na samaki. Kuta zake zilikuwa nene, mlango wake umechongwa na babu wa marehemu mumewe, na ukikaa barazani unaliona ziwa mpaka rasi ya Ubwari.

"Mama, serikali inaikopa nyumba yako kwa heshima," Norbert alimwambia.

"Inakopa mpaka lini, chef?"

"Mpaka heshima iishe."

"Batoto bangu bote balizaliwa humu. Mi nitalala wapi?"

"Hutoki, mama. Umeteuliwa kuwa Msimamizi wa Ufuaji."

"Wa mashuka ya nani?"

"Ya kwako. Yaani, yaliyokuwa ya kwako."

Mambo yalikuwa wazi kabisa. Jumatatu angefika mkaguzi kutoka Bukavu, bwana mmoja aitwaye Guy. Angeitazama hoteli, angetia sahihi, na tangu sahihi hiyo nyumba ingekuwa mali ya Kamisheni. Hawa asingekuwa na pa kulalamika isipokuwa kwa Mungu, ambaye hayumo katika orodha ya ofisi zinazopokea malalamiko. Chumba kikubwa cha mbele kilikwisha kutengwa kwa Mwenyekiti wa Kamisheni, Mheshimiwa Albert, chini ya kichwa "Makazi ya Muda ya Kudumu". Norbert alipokuwa akilipigia muhuri agizo hilo alisikia kitu kikimchoma kifuani. Alidhani ni kiungulia, akanywa maji.

Maandalizi yalifuata Mwongozo wa Anasa, kitabu ambacho Norbert alikiamini kuliko macho yake. Mwongozo ulitaka ukumbi wa mapokezi. Nyumba haikuwa na ukumbi, basi uani likasimamishwa turubai kubwa, na chini yake vikapangwa viti vyeupe vya plastiki, safu kwa safu. Mwongozo ulitaka magodoro yapigwe na jua, nayo yakatandazwa uani juu ya mikeka, mkaguzi aone kwamba yapo. Wafanyakazi walitakiwa wavae sare, kwa hiyo bamama wa Kaselu wakajifunga kitenge cha aina moja. Sufuria kubwa zilikuwa tayari jikoni. Tena picha ya mkuu wa hoteli ilipaswa kuonekana mlangoni. Picha ya Norbert mwenye suti na tai ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, katikati ya maua.

Hatimaye aliwakusanya wafanyakazi. Anasa haina kelele, alisema, kwa hiyo wote wanyamaze. Na mfanyakazi wa hoteli ya nyota tano hajibu maswali ya wageni hovyo. Akiulizwa jambo, anaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa.

Hawa aliuzunguka ua taratibu. Alilitazama turubai, viti, magodoro, sufuria, bamama waliokaa kimya, na picha ile ndani ya maua.

"Chef, una hakika?" aliuliza.

"Mwongozo umesema, mama."

"Haya basi."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya Norbert yalikuwa kitabuni. Jumatatu asubuhi kilikuwa kimebaki kifungu cha mwisho, kinachomtaka mkuu wa huduma ajaribu kitanda yeye mwenyewe. Alivaa joho jeupe la taulo lililoagizwa Uvira, akazima simu, akafunga mlango, akajilaza ili aandike ripoti juu ya ubora wa usingizi. Alikuwa hajapumzika wiki nzima. Ubora ulikuwa wa juu mno.

Yaliyotokea akiwa kazini hivyo alisimuliwa baadaye. Habari mbaya haihitaji pikipiki, lakini hii ilipata moja. Kijana aliyempeleka abiria Kaselu alipita mbele ya ua, akaona alichodhani ni kilio cha msiba, akavua kofia. "Chef Norbert? Tangu lini?" alimwuliza mama mmoja. Mama akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Kijana akashuka mpaka sokoni Baraka machozi yakimtoka, na abiria wengine akawabeba bure.

Muda si muda mlima ukajaa. Wauza samaki walikuja na kuni na unga. Mzee Byiringiro, mfugaji, alileta maziwa. Kwaya ya Nundu ilipanda ndani ya lori moja. Kila aliyefika alimpa Hawa mkono wa pole, na Hawa akawakaribisha wakae, kwa sababu mtu aliyekuja kulia na wewe humfukuzi. Waliketi kwenye viti. Waliochoka walijilaza kwenye magodoro, ambayo kwa kweli yalikuwa mengi na yamepigwa jua vizuri.

Kamisheni nayo ilijua wajibu wake. Ofisi hiyo hiyo iliyokaa mwaka mzima bila kutengeneza kitasa cha choo ilimteua mrithi wa Norbert kabla ya chakula cha mchana. Mrithi alikuwa Néhémie, msaidizi wake. Tangazo la msiba likasomwa redioni, likarudiwa kwa faida ya wale waliokuwa jikoni. Ndipo Mheshimiwa Albert akapanda mlimani kwa jeep, pamoja na mwandishi wa redio, mkaguzi Guy, na hotuba.

"Ndugu waombolezaji," Albert alianza. "Marehemu alikuwa nguzo. Lakini binadamu hakosi kasoro. Njiani mkaguzi wetu ameniuliza nyumba hii ya mjane ilichukuliwa na nani. Jibu ni kwamba marehemu, kwa bidii iliyopita kiasi, aliichukua bila mimi kujua. Tumsamehe. Na ili kumuenzi, Kamisheni itaendelea kuikalia."

Guy aliitazama saa yake, akatoa kalamu. Ilikuwa imebaki kidogo tu nyumba iondoke.

Ndipo mlango wa chumba ukafunguka. Norbert alitoka na joho lake jeupe, alama ya mto bado shavuni. Safu ya mbele ilirudisha viti nyuma. Mama mmoja akamfunika mwanawe macho.

"Marehemu, subiri," Albert alisema. "Bado nasoma wasifu wako."

"Mheshimiwa, mimi ni mzima."

"Kwa mujibu wa nini?"

Norbert alipapasa mifuko ya joho. Hakuwa na karatasi yoyote.

Albert alimsogelea, akashusha sauti. "Tangazo limekwisha kutoka, bwana. Néhémie ameshakalia kiti chako. Ukitaka kufufuka, andika barua, uipitishe kwa mkuu wa Huduma ya Hoteli."

"Mkuu ni mimi."

"Ulikuwa."

Norbert alimwangalia Néhémie, naye Néhémie akatazama ziwa. Hapo Norbert aliumia kweli. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia tangu aajiriwe, na alijua kabisa kwamba hiki si kiungulia. Miaka yote amewapigia muhuri, na hakuna hata mmoja aliyefungua mlango kumtazama.

Hawa alisimama, akafunga kitenge chake sawasawa. "Prezida, niulize kidogo. Ule mutu amekufa ao hajakufa?"

Albert alimtazama mwandishi wa redio. Akamtazama mkaguzi, ambaye angeuliza kwa nini basi cheo cha mtu aliye hai kimegawiwa.

"Amekufa," alisema. "Kamisheni haitangazi jambo lisilokuwepo."

"Basi kama amekufa na bado iko na maneno, ile ni wosia. Na huku kwetu hakuna mutu anapinga wosia kwa kilio. Chef, sema."

Norbert hakuwa na cheo tena cha kupoteza, wala mshahara, wala Mwongozo. Hata Kiswahili cha ofisi kilimtoka.

"Hii nyumba mi nilitumwa tu kuikamata," alisema. "Mwenye alinituma ni ule pale, iko na hotuba mu mukono. Chumba ya mbele alijiwekea yeye. Nyumba ni ya Mama Hawa, ibakie ya Mama Hawa. Nimemaliza."

Ua ulinyamaza kuliko Mwongozo ulivyodai.

"Amina," alisema Mzee Byiringiro.

"Amina," walisema wazee wa Kaselu. Kwaya ya Nundu iliitikia kwa sauti nne. Guy aliirudisha kalamu mfukoni, akasema amina. Néhémie, ambaye kuliko wote alihitaji marehemu abaki marehemu, alisema amina kwa nguvu.

Mheshimiwa Albert alibaki peke yake. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona mlima mzima umeinamisha vichwa ukimngoja yeye. Akasema amina, na Hawa akamwomba airudie, ili na wale waliokaa nyuma wasikie.