Hukumu ya Sufu ya Darini

Mtaalamu wa mazingira hakuwa na utaalamu wowote, ila alikuwa na suti. Suti ya kijivu, sufu tupu, iliyomfungulia milango ambayo wenye vyeti vyao waligonga wakachoka. Bila suti ile, tusidanganyane, angekuwa mtu wa kawaida mwenye maneno mengi.

Asubuhi moja akasikia kwamba mama mwenye nyumba ya wageni pale kona ana marobota ya sufu ya kondoo darini, ya kuzuia joto. Mate yakamjaa mdomoni, maana sufu ina wanunuzi. Akafunga tai, akaenda kupima athari za sufu hiyo kwa mazingira.

Darini akabonyeza robota moja kwa kidole, akatega sikio kama daktari.

"Kondoo huyu alinyolewa wapi, mama?"

"Mbali, mwanangu."

"Sufu ikaja kwa lori?"

"Lori bovu. Moshi mtupu."

"Ikafuliwa kwa sabuni?"

"Kali, ya kuchubua mikono."

Majibu yalikuwa matamu kupita kiasi, lakini mwenye njaa hana miiko. Akavua miwani, akahukumu kwa sauti ya msibani: sufu hii imechafua dunia njia nzima, lazima iondolewe kitaalamu. Kinachofaa ni majani makavu ya shamba la karibu.

"Jamani, nani atanishushia mzigo wote huu?"

"Mimi, mama. Bure. Mazingira ni yetu sote."

"Mungu akuzidishie. Basi niandikie na karatasi, kwamba majani niliyokwisha kuweka upande ule wa dari ni mazuri. Wageni wa siku hizi wanauliza."

Akaandika, akapiga muhuri. Mkokoteni akakodi mwenyewe, marobota akayapanga chumbani kwake, chini ya msumari anapotundika suti, akamngoja mnunuzi.

Fundi magodoro alikuja mwezi uliofuata. Kufungua robota la kwanza, vipepeo wadogo wa kijivu wakamrukia usoni.

"Nondo hawa, wala sufu," akasema, akaenda zake.

Mtaalamu akageukia msumari. Suti ilikuwa chekecheke, matundu matupu, mgongo hadi mikono. Akakaa kitandani, akalia kwelikweli.

Kisha akaenda kwa yule mama, na shati tu. Karatasi yake ilikuwa imetundikwa mapokezi, ndani ya fremu.

"Mama, ulijua ile sufu ina wadudu."

"Nilijua. Wazoa taka walinikatalia. Nikasikia mjini kuna mtaalamu anayechukua bure." Akamtazama kwa huruma. "Suti iko wapi, mwanangu?"

"Imeliwa."

"Kwani ilikuwa ya sufu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi shukuru. Si ulisema mwenyewe inachafua dunia?"