Gunia la Wasiojiweza

Jumatatu, 6 Julai 2009
Leo sokoni Ndalu chifu ametangaza kwamba serikali imeleta mahindi ya msaada. Gunia moja kwa kila askari mstaafu asiyejiweza. Askari ni mimi! Miaka kumi na moja jikoni kambini, na jeshi lisilokula halipigani. Hilo la kutojiweza ni neno la kupamba tangazo tu.

Gunia hilo nalihitaji. Desemba niliwauzia madalali wa Kitale mahindi yangu yote, nikishuku kwamba bei itaanguka. Ikapanda. Sasa ghala lina panya tu, nao wamekonda. Mke wangu Wilkista amebaki na makopo mawili ya unga, gorogoro mbili tu, na tunakula mara moja kwa siku. Hasemi kitu. Mwanamke asiyesema kitu ana jambo.

Chifu anasema kijiji chetu kimebakiwa na nafasi moja. Jirani yangu Rotich naye anaitaka. Ati alikuwa askari, ati alipigwa risasi mguuni huko mpakani. Ati!

Jumanne, 7 Julai
Nimemchunguza Rotich tangu alfajiri, nikiwa nimejificha ndani ya mahindi ya shambani. Jana akija sokoni alichechemea upande wangu wa kulia. Leo akienda kisimani, upande wa kushoto. Miguu gani hiyo inayopokezana zamu? Nimeandika yote. Umande umenilowesha hadi kifuani.

Nikamwonyesha Wilkista maandishi. Akasema jana Rotich alikuwa anakuja, na leo alikuwa anakwenda. Sijaona hilo linahusu nini.

Jumatano, 8 Julai
Balaa. Barua yangu ya kuachishwa jeshi imeliwa na mchwa. Wamebakiza nusu ya muhuri. Chifu anasema wote watahojiwa Ijumaa na ofisa kutoka Bungoma, maana kuna matapeli. Mtego wao nimeshautambua: watatupigisha kwata. Tapeli hajui kwata.

Nimekwenda Kitale na kuku wa Wilkista, yule anayetaga. Huko, mtaani Kipsongo, nikambadilisha na buti za jeshi. Muuzaji alikubali upesi mno. Nashuku yule kuku alikuwa na thamani ambayo nimefichwa. Buti zenyewe zinanibana vidole.

Wilkista ameuliza kuku yuko wapi. Nimemwambia yuko kwenye operesheni.

Alhamisi, 9 Julai
Kwata uani, asubuhi na alasiri. Kushoto, kulia, nyuma geuka! Mgongo wa miaka sitini na nne umeitikia vizuri ajabu. Jerono, mke wa Rotich, alipita njiani, akanisalimia, akasimama kutazama. Ametumwa. Nikahamishia kwata nyuma ya choo.

Wakati wa chakula Wilkista akasema hana njaa, nile na sehemu yake. Nimeila, kwa ajili ya kwata. Lakini nashuku kuna mahali anakula.

Ijumaa, 10 Julai
Uwanja wa shule ulijaa wazee. Rotich alipewa kiti. Ofisa akamwuliza namba yake ya jeshi, akaitaja bila kupumua. Ameikariri huyo! Zamu yangu ilipofika, namba yangu ikanitoka kichwani. Nikasema mwili haudanganyi, nikaanza kwata.

Sijawahi kupiga kwata kama ile, hata nilipokuwa kijana. Vumbi likapanda, wazee wakapiga makofi. Nikamaliza kwa saluti mbele ya ofisa mwenyewe, naye akasimama, akaijibu. Machozi yalinitoka, sitaficha. Jikoni hakuna aliyewahi kunipigia saluti. Ofisa akamwambia chifu kwamba huyu ni askari kamili. Kisha akanigeukia kwa upole.

"Lakini mzee, wewe hujiwezi wapi?"

Chifu akaandika jina la Rotich kwenye orodha ya gunia. Langu akaliandika kwenye orodha ya wenye nguvu, wanaochimba mtaro wa zahanati na kupewa chakula mwisho wa mwezi. Nikakabidhiwa jembe. Njama tupu!

Wilkista alikuwa ananisubiri nje ya uwanja, ameleta kamba ya kufungia gunia. Alipoliona jembe akaikunja ile kamba, akatangulia nyumbani.

Jumamosi, 11 Julai
Nimechimba tangu saa mbili hadi saa nane. Mikono imejaa malengelenge. Unga uliisha asubuhi, kwa hiyo nilirudi nyumbani polepole, nisikutane na macho ya Wilkista.

Nikamkuta Rotich mlangoni, jasho linamtiririka. Alikuwa na toroli, na ndani yake nusu ya gunia lake. Alilisukuma peke yake kutoka kwake, na ule mguu wake.

"Afande, ile kwata ilikuwa kali," akasema. "Lazima uko na njaa."

Nikamkazia macho. Hakukwepa. Wajanja wakubwa huwa hawakwepi. Wilkista alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akalia. Mahindi yakachemshwa hapo hapo. Nilikula sahani tatu, nikiendelea kumchunguza.

Jumapili, 12 Julai
Tumbo likishiba, akili hufunguka. Mtu hatoi nusu gunia bure. Tena nimekumbuka sharti lililobandikwa mlangoni kwa chifu: ni marufuku kumpa chakula cha msaada mtu asiye kwenye orodha ya gunia, na atakayefanya hivyo jina lake litafutwa. Rotich amempa mtu asiye kwenye orodha! Kesho asubuhi namshtaki. Akifutwa, nafasi inabaki wazi.

Wilkista akaniuliza huyo aliyepewa ni nani. Nimemwambia jina lake haliwezi kutajwa, kwa usalama wake. Akaendelea kupepeta mahindi ya kupeleka kusagwa. Nimemwambia asiyapeleke yote. Abakize gorogoro moja ya ushahidi.