Kahawa Niliyokunywa kwa Kusahau

Jamaa zangu, leo nimeumbuka, tena nikiwa kifua wazi.

Naandika kutoka duka la intaneti hapa Dodoma mjini. Mnajua nimetoka Kolo kwa sababu ya fomu ya Hijja. Ukurasa wa mwisho unataka daktari athibitishe kwamba moyo wangu utaistahimili safari. Bila sahihi yake, siendi. Nimeingoja safari hii tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na kungoja si shida yangu, alhamdulillahi. Lakini mwaka huu jina langu limepita.

Juzi nilikwenda kujiandikisha kwenye hospitali moja ya binafsi. Muuguzi ni Mwanaidi, niliyemfundisha madrasa mwenyewe. Akaniagiza: "Mwalimu, siku nzima kabla ya kipimo, kahawa usiguse. Chai pia."

Nikamjibu, "Binti, nimefundisha mlango wa funga miaka thelathini. Kahawa itanishinda?" (Yashikeni maneno hayo.)

Jana sikugusa. Shemeji yangu Hamisi, ndugu wa mke wangu ambaye nimefikia kwake, alikunywa chai ya maziwa mbele yangu. Nikatazama ukuta.

Leo mimi na Hamisi tumetoka kuswali alfajiri. Baridi kali, upepo wa Dodoma mnaujua. Muuza kahawa yuko nje na birika lake, na mazungumzo yamenoga. Nikapokea kikombe. Nikanywa. Cha pili nacho. Cha tatu kilikuwa kimefika mdomoni nilipokumbuka! Nikatema, nikarudisha kikombe, nikamshukuru Mola. Maana hukumu mnaijua: aliyefunga akinywa kwa kusahau, funga yake ni nzima. Nikaenda hospitali na Hamisi, nimetulia kabisa.

Daktari ni kijana mpole, mwenyeji wa Kibakwe. Akanilaza, akanipaka kifuani mafuta baridi mno, kisha maswali. Umri? Uzito? Sukari? Presha? Sigara?

"Daktari, unanipima au unanichumbia?"

Akacheka. "Mzee, damu ya moyo haipiti sawa kwa watu wote. Mwenye miaka yako si kama kijana. Mwenye presha ana yake, mwenye upungufu wa damu ana yake. Nisipokujua wewe, namba ya mashine hainiambii kitu."

Nikayapenda maneno hayo. Akanionyesha kwenye kioo cha mashine uzi mwembamba unaometameta. "Huu ndio mshipa unaoulisha moyo wenyewe."

Subhanallah! Mwaka wa sitini na saba huu, nilidhani moyo unakunywa damu iliyomo ndani yake. "Yaani umejaa damu, na bado unaletewa riziki yake kwa njia ya pembeni?"

"Ndiyo, mzee. Lala basi." (Nilikuwa nimeinuka nitazame vizuri.)

Akanitia dawa ya kupanua mishipa. Akasema damu ikienda kasi mara mbili au zaidi, mambo ni mazuri. Tukangoja. Akakunja uso. Akapima tena. Akakunja zaidi.

"Mzee, damu haijaongezeka. Huenda mshipa umeziba. Safari ya mwaka huu tuiweke kando kwanza."

Nikasema alhamdulillahi. Mwanaidi akanishika mkono.

Daktari akarudia kusoma karatasi yangu. "Na kahawa hukunywa?"

"Nilifunga."

Nje ya pazia, kwenye benchi la wagonjwa, nikasikia sauti ya Hamisi: "Shemeji, na vile vikombe viwili vya alfajiri?"

Daktari akaishusha karatasi.

"Vile nilisahau," nikasema. "Havihesabiki."

"Havihesabiki kwa nani?" daktari akauliza.

Nikamweleza hukumu yote, kwa utaratibu, kifua kikiwa kinang'aa mafuta. Mwanaidi akaziba mdomo kwa kiganja. Akashindwa.

"Mwalimu, si ulitufundisha hiyo ni ya funga ya Mwenyezi Mungu? Hii ilikuwa ya mashine!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja akauliza, "Na kashata nazo alisahau?"

"Kashata alizikumbuka," akasema Hamisi. "Alichukua mbili."

Daktari alipomaliza kujifuta machozi akanieleza kwamba kahawa hukaa kwenye kiti cha ile dawa. Dawa ikifika, haina pa kukaa, na mshipa haupanuki.

"Kwa hiyo huenda mishipa yangu ni mizima?"

"Huenda. Nitajua Alhamisi, ukija bila kahawa."

Sijawahi kufurahi hivyo huku nachekwa. Fomu imebaki mezani kwake, haina sahihi. Hamisi amekwisha kumwonya muuza kahawa asinipe kitu, hata nikimsomea hukumu.

Ruksa kunicheka mpaka Jumatano. Alhamisi nitahitaji dua zenu.