Beseni Lililopiga Simu Mchana Kutwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mwanangu Nusura ni mtafiti! Naandika tena ili kalamu izoee: mtafiti. Wa uvimbe wa ubongo! Wanatafuta kama simu tunazobandika sikioni zinaweza kuuleta, ama ni maneno ya watu tu. Hapa Busia wamewawekea watu programu kwenye simu, inahesabu muda wanaoongea. Nusu ya watu hao nilimletea mimi. Nilimuuliza basi jibu ni lipi. Akasema, mama, hatujui bado, ndiyo maana tunatafuta. Mbele ya Mama Trevor nilisema ameshalipata.

Mama Trevor ndiye Wilkister. Anavuka kutoka Kenya kila asubuhi, meza yake ya sabuni iko ubavuni mwa yangu ya mukene, dagaa wa ziwani. Mukene wangu anawaita omena, jina la kwao, kuniudhi tu. Trevor wake yuko ofisi ya kaunti. Tumesikia. Soko zima limesikia.

Jioni Nusura karudi amenuna. Watu wa Busia hawapigi simu! Wanaandikiana meseji kama wamekatwa ulimi. Bosi wake, Dokta Olupot wa Tororo, kasema wiki ikiisha hivi, kituo cha Busia kinafungwa na kazi ya Nusura imekwisha. Atarudi kuuza mukene na mimi. Baada ya shule yote ile! Haitatokea nikiwa hai.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata dawa. Programu inahesabu simu iliyopigwa. Haimuulizi mtu umesema nini.

Na Busia nani ana simu moja? Kila mtu ana ya Uganda na ya ng'ambo. Hiyo ya Uganda, iliyo na programu, si anaweza kuniachia mchana? Nimezunguka soko lote. Nimewaambia ni huduma maalumu ya utafiti, na jioni kila mtu anachukua simu yake na kifuko cha mukene. Ojiambo wa boda kauliza kama Nusura anajua. Nikamwambia huduma hii ni ya mama mzazi.

Mama Trevor kakataa. Eti simu yake haiwezi kukaa bila yeye, Trevor akipiga je? Roho mbaya.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Nimenunua bando za kuongea, simu nimezipanga ndani ya beseni la mukene, nikazifunika leso. Ya Ojiambo ikaipigia ya Aboth. Ya Annet ikaipigia ya fundi cherehani. Zikaanza kuongea zenyewe! Ikabaki moja haina mwenzake. Niliipigia kwa yangu, na kwa kuwa iliniingia huruma, nikaisimulia habari za Nusura tangu kuzaliwa.

Kasoro ndogo. Zikikaa karibu zinalia wiii, kama paka kakanyagwa. Halafu kaja mteja, mama mmoja wa Masafu. Kauliza mukene bei gani. Beseni likajibu: bei gani, bei gani, bei gani. Kaacha kikapu chake hapo hapo, kakimbia akisoma dua.

Mama Trevor kanicheka mpaka kakaa chini. Kaniambia, Mama Nusura, sasa samaki wako wanajibizana na wateja? Nimemwambia wa kwake hawana hata la kusema. Hana samaki, najua. Lilinitoka tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Mambo yameharibika.

Dokta Olupot kapiga kutoka Tororo. Kamuuliza Nusura ni ugonjwa gani umeingia Busia. Ojiambo kaongea tangu asubuhi mpaka jioni bila kuvuta pumzi, na anaongea na Aboth! Hao hawasalimiani tangu kesi ya mbuzi. Nusura kajaribu kuwapigia watu wake, wote laini iko bize. Kaja sokoni mbio, kasikia wiii, kafunua leso.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kaniambia polepole, mama, sisi tunapima simu iliyo karibu na kichwa. Hapa kichwa kiko wapi?

Nikatazama ndani. Vichwa vilikuwemo vingi, lakini vyote vya mukene.

Kaniambia kazi yake nimeimaliza mimi. Chakula cha jioni hakugusa. Sijawahi kumwona mwanangu akilia tangu alipoanguka darasa la nne, na siku ile kosa lilikuwa la mwalimu.

Ijumaa, 12 Septemba

Dokta Olupot kaja mwenyewe. Kashika simu ya Ojiambo, kainusa, kaiweka mbali. Nilijitokeza na chapati, nikamwambia kosa ni langu, mtoto hakujua kitu, akitaka kufukuza mtu anifukuze mimi. Kasema mimi sikuajiriwa.

Kumbe Nusura alimwandikia yote jana, jina langu juu kabisa. Dokta kasema mtu anayemripoti mama yake mzazi, huyo hawezi kudanganya hesabu. Nusura anabaki! Siku za beseni zinafutwa. Na Busia inabaki kwa sababu kuna mshiriki mmoja anayeongea kikweli, mchana kutwa, simu sikioni, mfano wa kuigwa.

Mama Trevor.

Kapewa mkono na dokta! Mbele ya soko! Mimi nimeapishwa wallahi nisiguse tena simu ya mshiriki yeyote. Nimeapa. Chapati dokta kala zote.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetulia. Mimi ni mtu mwingine.

Ila Nusura, akinywa chai, kasema sasa wanaandika kila mtu anatumia sikio lipi. Wengi ni la kulia. Wa kushoto ni wachache sana. Kasema hivyo tu, akaondoka. Lakini mama husikia ambayo mtoto hasemi.

Nimeapa kuhusu simu. Masikio hayakutajwa.

Ojiambo keshahamia kushoto, kwa kifuko cha mukene. Aboth anabisha, lakini anapenda mukene. Mama Trevor hawezi kuambiwa kitu na mimi, kwa hiyo sitamwambia. Nimenunua debe tupu na mwiko. Kesho meza yangu inahamia upande wake wa kulia, liliko sikio lake la simu, na nitakuwa nafukuza nzi kwa kugonga debe, mchana kutwa.

Simu yake sitaigusa hata kwa ukucha.