Waangavu wa Gazeti Lenu Wameninyamazishia Binti

Ndugu Mhariri,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri, nirudishie.

Mimi kibarua wa zege. Nimefiwa na mke, mwaka wa tatu huu. Shule niliishia la nne, kwa hiyo nasema kavu.

Kila Jumamosi binti yangu ananisomea hadithi yenu ya Waangavu, wale watu wa sayari ya mbali, eti wametuzidi akili na utu. Hawagombani, hawadanganyi, hawachafuki. Nalalamika hivi:

1. Minara yao ya kioo ina ghorofa mia mbili. Nani alipandisha zege? Sura kumi na moja sijasikia kibarua hata mmoja, wala choo. Watu wasio na choo hawajatuzidi utu. Wametuzidi kubana tu.

2. Hawadanganyi. Sura ya tano mume anamwambia mkewe supu yake mbaya, mke anashukuru! Marehemu wangu alinidanganya miaka kumi na tisa kwamba najua kuimba. Majirani wakifunga madirisha, yeye anasema wanaogopa mbu. Nani muungwana hapo?

3. Adabu yao imetuharibia kazi. Sisi tunapasiana ndoo za zege kwenye ngazi kwa kutaniana. "Pokea, miguu ya kuku!" "Leta, kichwa karai!" Ukisikia tusi, mikono inajua ndoo imefika. Nikawasimulia wenzangu hadithi yenu wakati wa chai, tukajaribu kuwa Waangavu. "Tafadhali ndugu, ukiwa tayari." "Hapana ndugu, mpaka uwe tayari wewe." Zege likaganda ndooni. Msimamizi akatuita majina ambayo huko kwa Waangavu hayapo, kazi ikaenda.

4. Hili ndilo limenishikisha kalamu. Mimi na marehemu tuligombana kila jioni juu ya chumvi. Alipoondoka, binti akashika zamu.
"Baba, hii mboga au dawa ya kusukutua?"
"Pika wewe basi."
"Nikipika unasema haina ladha."
"Kwani inayo?"
Hivyo mpaka sufuria inakwisha. Nyumba ilikuwa na watu.

Sasa naye kawa Mwangavu. Juzi nimetia chumvi mara mbili, makusudi. Kala yote, kanywa maji vikombe vitatu, kasema, "Asante baba, nimeshiba." Nikasikia saa ya ukutani. Sikuwa nikijua kama inalia.

5. Kwa hiyo hakuna utu pale. Naomba sura ijayo wagombane. Hata kugombea taulo tu kunatosha. Mkishindwa, ifuteni sayari yote.

Nisalimie mkeo, wachapaji, na huyo mwandishi. Mwambie simchukii, ila asipite chini ya ngazi yetu.

Ni mimi mwenye kinyongo,
Kibarua wa zege, ngazi ya tatu

Nyongeza: Binti kaisoma barua kabla sijaifunga. Kasema choo kipo, sura ya tatu, mimi nilisinzia. Nikasema sikusinzia, nilifumba macho. Akasema macho hayakoromi. Halafu eti mama hakunidanganya, alipenda kweli nikiimba. Hapo nikaenda kuchochea moto wa maharage. Tumebishana tangu saa kumi mpaka maharage yakaungua. Tumeyala hivyo hivyo, yeye anasema ni makaa, mimi nasema yameiva vizuri.

Mhariri, Waangavu waacheni kama walivyo. Waongezeeni sura. Ni watu wema sana.