Dakika Nne za Kimya

Jumatatu, 4 Machi

Nimemaliza saa sita na robo mchana. Nyimbo tano mpya za Ijumaa zimeshachambuliwa na chai haijapoa. Nawaonea huruma wachambuzi wanaosikiliza.

Mfumo wangu ni huu. Kila Jumatatu naletewa nyimbo sitini hivi, zimefungwa kwa neno la siri, ili tuzisikie kabla ya umma. Kila wimbo unakuja na barua ya sifa. Mwaka wa kwanza nilisikiliza zote, nikawa silali wala sili. Sasa nasoma barua tu, nachagua tano. Huu ni mwaka wa sita gazeti la mji wetu linachapa safu yangu, "Desmond Hargreave Amekusikilizia", na hakuna aliyelalamika.

Wimbo wa tano leo ni wa Akina Pendlebury, dada watatu wa hapa hapa mjini, magitaa mawili na ngoma. Unaitwa "Fungua Dirisha". Barua inasema una nguvu, hautakuacha ulivyokuwa. Nikaandika: Magitaa yanakwaruza, ngoma zinapiga kifua. Shusha vioo vya gari, fungua bia, kiangazi kimewahi!

Cedric Haslam, anayeandika habari za bendi za tarumbeta na kuimezea mate nusu ya ukurasa wangu, akauliza nimesikilizaje nyimbo sitini wakati hedifoni zangu zinaning'inia kwenye kigingi cha makoti tangu Krismasi. Nikamwambia nasikilizia nyumbani. Akasema nina masikio marefu, mwanangu. Nina miaka arobaini na saba.

Jumanne, 5 Machi

Barua pepe imekuja kwa wachambuzi wote kutoka kwa Fenella, anayewatangaza Akina Pendlebury. Samahani sana, faili ya jana iliharibika, ilikuwa dakika nne za kimya. Nzima ni hii hapa. Shukrani kwa wote kumi na mmoja mliotuarifu.

Orodha yake ina watu kumi na wawili.

Nimesifia ngoma za kimya. Nimeuambia mji mzima ufungue bia kwa ajili ya kimya. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi nimeshapitisha miaka mitano. Fenella akiusoma ukurasa wangu atajua, akijua atamwambia mhariri, na safu itakwenda kwa Haslam na matarumbeta yake.

Nikaweka kidole juu ya kitufe ili nisikilize. Nikakiondoa. Nikisikiliza nitajua. Nisiposikiliza, huenda nilibahatisha. Sikusikiliza.

Jumatano, 6 Machi

Ukurasa unafungwa saa sita mchana. Nimepata hila! Maneno yanayofaa wimbo wowote. Nikaandika: Huu ni wimbo wenye mwanzo, kisha katikati, na hatimaye unafika mwisho. Nikamtumia Bi. Birtwistle, mhariri, nikasema ni masahihisho madogo.

Akaniita. Akauliza kama naumwa. Akasema ile ya vioo vya gari ina moyo, hii ni kama ratiba ya treni, na ile ya kwanza ndiyo itakayochapwa. Nikasema nahisi ile imezidi chumvi kidogo. Akasema, "Mpenzi wangu, uliusikiliza au hukuusikiliza?" Nikasema niliusikiliza mno. Akasema basi tuamini masikio yako.

Haslam alikuwa mlangoni na kikombe chake. Akasema itakuwa vizuri kuwasikia wale mabinti tena. Mama yao, Winnie, alikaa naye kiti kwa kiti kwenye bendi miaka ishirini, akipuliza pembe. Walimzika Novemba. Nikauliza, kwa sauti isiyo yangu, kama wimbo una uhusiano wowote na hayo. Akanywa chai yake. Akasema, "Wewe ndiye uliyeusikiliza, mwanangu."

Alhamisi, 7 Machi

Nimejifungia chooni nyumbani na hedifoni. Nimesikiliza.

Hakuna gitaa. Hakuna ngoma hata moja. Kinanda cha kanisani na sauti ya dada mkubwa, Agnes, anamwambia muuguzi amfungulie mama dirisha. Kwetu mtu akikata roho dirisha hufunguliwa, ili roho itoke. Nilikuwa na miaka tisa bibi alipofariki, na mimi ndiye niliyetumwa. Dirisha lilikuwa limekwama kwa rangi. Nililisukuma kwa bega nikilia, nikiogopa bibi atabaki ndani kwa sababu yangu. Nilikuwa nimesahau. Leo nimelia tena vile vile, nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Ni wimbo mzuri kuliko wowote niliousikia kwa miaka sita. Ni kweli pia kwamba ni wimbo pekee niliousikia kwa miaka mitano.

Kisha nikakumbuka bia.

Nikapiga simu kiwandani wanakochapa. Mtu akasema mitambo inazunguka tangu saa nane. Nikauliza kama mitambo huwa haiharibiki. Akaniuliza jina langu. Nikakata simu.

Ijumaa, 8 Machi

Gazeti limetoka. Akina Pendlebury wanakaa Mtaa wa Tanner, na duka la magazeti lililo karibu nao ni la Bw. Sahota. Nikawahi saa kumi na mbili asubuhi, kofia imeshuka hadi nyusi, nikanunua nakala zote, kumi na nne. Bw. Sahota akadhani najivunia. Akafurahi mno kumjua mwandishi kwa sura, akaagiza nyingine thelathini, na ile yake mwenyewe akaikata ukurasa wangu, akaubandika dirishani, picha yangu ikitazama barabarani.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ngazi nimeivuta.

Bi. Birtwistle anataka niende kesho kwenye duka la santuri. Akina Pendlebury wataimba pale na kusaini santuri zao. Nikasema nina homa. Akasema Haslam ameshajitolea kwenda badala yangu, na kama anakwenda, achukue na safu kabisa. Nikasema homa imepoa.

Jumamosi, 9 Machi

Nilijificha nyuma ya rafu ya muziki wa jazi, ambako hafiki mtu. Duka limejaa. Wakauimba. Watu wazima wakashikana mikono. Bw. Sahota alilia waziwazi.

Kisha Agnes akatoa kipande cha gazeti mfukoni. Ni mwanamke mrefu, ndiye anayepiga ngoma, mikono yake ni ya kupiga ngoma. Akakisoma chote, mpaka kwenye bia. Watu wakacheka sana, halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Akauliza kama mwandishi yupo. Haslam, Mungu atamwona, akanyoosha kidole.

Agnes akaja mpaka kwenye jazi. Akasema taratibu, "Mama alikata na kuhifadhi safu yako kila Ijumaa. Hata hospitali. Alikuwa akisema, huyu Desmond hutusikilizia."

Ningependa zaidi anipige.

Sikuweza kudanganya tena. Nikasema sikuusikiliza. Nikasema nimeusikiliza Alhamisi, nikamweleza dirisha la bibi lililokwama. Kisha akanipa santuri, akasema niandike upya. "Ila safari hii, baba, kwa masikio."

Bi. Birtwistle alikuwa kaunta, amesikia kila neno. Akasema nina Ijumaa moja. Ikiharibika, ukurasa ni wa Haslam.

Nimeapa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekuwa mtu mwingine. Tangu asubuhi nimeusikiliza "Fungua Dirisha" mara saba. Nimeandika juu ya rangi iliyokauka, bega la mtoto, na hewa iliyoingia mwisho. Bi. Birtwistle ameusoma, akapangusa miwani. Haslam hakupata dosari, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nimeokoka! Usikilizaji ni jambo kubwa. Nitawashauri vijana.

Ilipofika saa kumi alasiri nikakumbuka nyimbo nne nyingine za Ijumaa. Tangu Jumamosi Bi. Birtwistle anautaka ukurasa wangu mapema, leo saa kumi na moja. Mtu hawezi kusikiliza kwa moyo mara saba kisha akasikiliza tena vitu vidogo siku hiyo hiyo. Moyo una kiasi chake. Nikarudisha hedifoni kigingini, nikasoma barua. Nne zote ndani ya dakika ishirini. Wa mwisho ni wa kundi jingine la Fenella, barua inasema ni wimbo wa utulivu wa kipekee. Nikaandika: Utulivu unaopenya mpaka kwenye mifupa. Nikatuma.

Saa kumi na dakika hamsini imeingia barua pepe kutoka kwa Fenella, kwa wachambuzi wote. Inaanza na neno "Samahani". Sijaifungua. Bila shaka bado anaona aibu kwa ile faili ya wiki iliyopita.